Nilivyoikata Albamu ya Nkwabi

Vijana wa chumba cha mitambo, mliniaga kwa keki, saa ya ukutani na khanga mbili, mkaniomba niandike niliyojifunza katika miaka yangu ya kurekodi sauti. Nimeandika. Vyeo sitavitaja, maana nilivyopewa vilikuwa vichache na kila kimoja kilinikuta nimeshaifanya kazi yake muda mrefu bila jina. Mshahara mnaujua. Nitaeleza siku za mwanzo, aliyenifundisha, na kazi moja ya wanamuziki watatu ambayo hadi leo nikiikumbuka natamani kuvunja kitu. Kama mlitegemea maneno matamu ya bibi mstaafu, mtanisamehe.

Nilitoka kwetu Mhunze nikafika redioni hapa Shinyanga na cheti cha ufundi umeme na viatu vya kuazima. Mkuu wa idara alikitazama cheti, akanitazama mimi, akaniambia makatibu muhtasi wanaripoti mlango wa pili. Nikamwambia mimi ni fundi. Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeambiwa mbuzi anaendesha baiskeli, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Aliyeniokoa ni Mzee Sadiki, fundi mkuu, mtu wa Tabora, mwembamba, kalamu tatu mfukoni. Alinichukua hadi studio, akafunga mlango, akanyamaza. Nami nikanyamaza. Zilipita kama dakika mbili.

"Binti, umesikia nini?"

"Feni ya chumba cha jirani," nikamwambia. "Bati linagongagonga upande wa kulia. Na saa yako ya mkononi."

Akaitazama saa, akaivua, akaitia mfukoni. "Kesho uje saa moja kamili," akasema, na hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Siku hizo tulirekodi kwenye utepe. Ukitaka kuondoa kikohozi cha mtu, uliuzungusha utepe taratibu kwa mkono hadi ukisikie kinaanza, ukaweka alama kwa kalamu ya nta, ukakata kwa wembe kwa mshazari, ukaunganisha kwa gundi. Wiki ya tatu nilikata kikohozi cha bwana afya aliyekuwa akieleza habari za maji ya bwawa moja. Nilikikata vizuri sana. Tatizo ni kwamba bwana afya alikohoa na kusema "si" kwa pumzi moja, hivyo "si salama kunywa" ikabaki "salama kunywa." Mzee Sadiki aliusikiliza utepe dakika kumi kabla ya kurushwa. Hakunifokea. Alinituma kwenye pipa la taka nikakitafute kile kipande, kirefu kama kidole, nikakirudisha mahali pake, kikohozi na yote. Tangu siku hiyo nikajua wembe wa fundi unaweza kuua watu.

Alinifundisha mengine mengi: kupiga makofi katikati ya chumba ili ujue kinarudisha sauti vipi, kutomwamini mwanamuziki anayesema yuko tayari, kuweka kopi mbili katika makabati mawili. Hili la kopi alilirudia hadi likanichosha. Alistaafu, akarudi Tabora, na huko ndiko alikozikwa. Zikaja kompyuta, wembe ukatupwa, na kukata kukawa kitu cha kubonyeza. Mnadhani hayo ni maendeleo. Mimi nasema mkono uliokuwa ukiogopa wembe uliacha kuogopa, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Nkwabi alikuja nikiwa nimebakiza miaka mitano ya kazi. Alikuwa mtu wa Nyarugusu, rika langu, mpole, baba wa mapacha, na mimi nikawa namwita Baba Kulwa. Ujanani alizipigia gitaa bendi za dansi za Geita. Bendi zilipokufa akaingia kwenye dhahabu kama wengine, lakini hakushuka kwenye duara, lile shimo la kuchimbia. Alikaa mwaloni, wanakooshea mawe yaliyosagwa, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuchanganya ule mchanga na zebaki kwa mikono mitupu ili dhahabu ishikamane, kisha kuichoma zebaki ipae. Muda uliobaki alipiga gitaa.

Aliingia ofisini na wenzake wawili. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Fides wa shule ya msingi kule Buseresere, mwanamke mrefu aliyepiga gitaa la besi kwenye kwaya ya kanisa lao hadi kwaya ikamchoka. Wa pili Hamisi, mpiga dramu, aliyekuja kuchimba kutoka Kigoma na hakurudi.

"Sisi tunapiga jazi," Nkwabi akaniambia.

Nikamwambia bendi zote za nchi hii zimejiita jazi, hata za matarumbeta mawili na manyanga.

Akatabasamu. "Hii ni ile nyingine, Mama Limbu. Unasema wimbo, unauacha, unaenda kutembea, halafu unarudi. Ukishindwa kurudi, wenzako wanakuja kukutafuta."

Walikuwa na vipande vinane. Saba alitunga yeye mwenyewe, na cha nane ulikuwa wimbo ambao mama yake aliuimba wakilima kwa zamu. Hakuna aliyeimba neno hata moja. Kimoja kiliitwa Foleni ya Maji, kingine Mama Anapepeta, kingine Vumbi la Buseresere. Nilichokipenda kupita vyote ni Karasha. Karasha ni ile mashine ya kusagia mawe, na ya pale mwaloni kwao ilikuwa na nyundo moja iliyovunjika, kwa hiyo ilichechemea, mapigo manne na pengo. Nkwabi aliusikia mchechemeo huo miaka tisa, akautungia wimbo. Hamisi akiupiga, unasikia mawe. Gitaa likiingia juu yake, unasikia mtu aliyechoka anayefikiria jambo zuri.

Tulirekodi siku tatu, asubuhi tu. Mwanzoni nilidhani asubuhi ni kwa sababu ya mvua, maana studio yetu ilikuwa ya bati na mvua za mchana zilitunyima kazi. Nikatundika mablanketi ukutani, nikaliweka spika la gitaa kwenye stoo ya vifaa vya usafi ili lisiingie kwenye maiki za dramu, nikawaacha wapige pamoja wakitazamana. Siku ya pili nikamletea Nkwabi chai. Kikombe kilimwagika chote kabla hakijafika mdomoni.

"Baridi," akasema. Shinyanga, mwezi wa kumi.

Nikamtazama. Akakiweka kikombe chini kwa mikono miwili.

"Ni zebaki, Mama. Daktari wa Mwanza ameniambia. Asubuhi vidole vinanisikiliza, ikifika saa sita vinaanza kiburi. Mwaka kesho sijui kama vitanisikiliza kabisa. Ndiyo maana nimekuja sasa."

Nilirudi kwenye miksa nikiwa na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani. Kila mtu Nyarugusu anajua zebaki inafanya nini. Anayeiuza anajua. Anayenunua dhahabu na kuigawa zebaki kwa wachimbaji ili wamletee yeye tu, anajua kuliko wote, na haishiki kwa mikono yake. Nikafanya nilichoweza: kila kipande mara mbili, isizidi tatu, ili kumhifadhia mkono. Siku ya tatu saa tano tukamaliza. Nilisikiliza vyote vinane mfululizo, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii sikuona cha kuondoa.

Kisha akaja meneja. Alikuwa mgeni kwetu, ametoka kwenye mauzo ya sabuni, kijana nadhifu anayejua kusalimia. Akaketi kwenye kiti changu, akasikiliza dakika moja ya Karasha.

"Anaimba saa ngapi?"

"Haimbi mtu."

"Sasa msikilizaji afanye nini?"

"Asikilize."

Akacheka. Alikuwa na mpango. Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu, mdhamini wa vipindi vyetu, alitaka muziki wa matangazo yake. Vipande vyote vinane vikatwe visizidi dakika tatu, zile sehemu za gitaa "kutembeatembea" zitolewe, na juu yake aimbe mwimbaji mmoja wa mjini, amsifie mdhamini. Nikamwambia haiwezekani, kazi ina wenyewe, na wenyewe hawajaulizwa.

Akaegemea kiti changu. "Mama Limbu, umebakiza miaka michache ustaafu kwa amani." Kisha, kama mtu anayeulizia hali ya hewa: "Na Limbu mkataba wake si unaisha mwezi ujao?"

Limbu ni mwanangu. Alikuwa dereva wa redio, wa mkataba, na mke wake mjamzito.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wa umri wangu hupenda kusema "ikaamuliwa." Haikuamuliwa. Nilikata mimi. Nilikaa kwenye kompyuta siku tatu, idadi ileile ya siku tulizorekodi, nikakata vipande vinane kimoja baada ya kingine. Na nilikata vizuri. Mtu asiyejua hasikii palipounganishwa. Ufundi wote alionipa Mzee Sadiki niliutumia hapo, na hilo ndilo linalonichoma kuliko vitisho vya meneja. Ningekata vibaya ningekuwa mwoga tu. Nilikata vizuri, nikawa mshiriki.

Nilijifariji kwamba nzima ipo kabatini, kwenye diski. Diski moja. Sikuweka ya pili. Nilikuwa na haraka ya kusahau, nikafunga kabati nikaenda nyumbani. Wiki mbili baadaye idara ya matangazo ilihitaji nafasi ya kuhifadhi picha za tamasha. Meneja akawapa diski ile. Wakaifuta. Hawakuuliza, na sikuwa nimeandika juu yake kitu chochote cha kumfanya mtu aulize.

Nkwabi aliusikia muziki wake Nyarugusu, barabarani, kutoka kwenye gari la matangazo lenye spika nne juu. Alikuwa amesimama dukani. Kwanza akaijua Karasha, akafurahi, Fides aliniambia baadaye, aligeuka kabisa kutafuta inakotoka. Kisha akasikia mtu anaimba juu yake jina la mnunuzi wa dhahabu, na sauti nyingine ikieleza kuwa wachimbaji waende kwake, zebaki ipo ya kutosha.

Kesho yake alikuwa Shinyanga na Fides. Walinikuta ofisini mchana. Akanisalimia Kisukuma, "Mwadila," kama kawaida yake.

"Nani alikata?" akauliza.

"Mimi."

Akaitikia kwa kichwa. Nadhani alikwisha kujua. "Naomba ile nzima."

"Haipo, Baba Kulwa. Imefutwa."

Fides akaketi chini, sakafuni, na gauni lake la ualimu. Nkwabi alibaki amesimama. Mikono yake ilitetemeka waziwazi na hakuna aliyeizungumzia. Akaomba kumwona meneja, nikampeleka.

Meneja alimpa kiti. Akamwambia asikasirike, maana sasa anasikika kanda ya ziwa yote, wasanii wangapi wanapata bahati hiyo.

"Mimi sikuja kusikika," Nkwabi akasema. "Nilikuja kurekodi."

"Tofauti yake nini, mzee wangu?"

Nkwabi akanigeukia mimi. "Mama Limbu, hajui," akasema, kwa huruma kabisa, akatoka nje. Ningependa angempiga. Mimi nilitaka kumpiga. Nilisimama pale na funguo za studio mkononi, nikahesabu hatua hadi kwenye meza yake, na hadi leo sijui kilichonizuia kama ilikuwa busara au ni ule woga wangu wa kawaida.

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na kikao cha wafanyakazi wote na wajumbe wawili wa bodi. Nikaomba nafasi. Nikasimama nikasema: muziki wa tangazo la dhahabu ni wa watu watatu ambao hawakuombwa, mwenye kuukata ni mimi, aliyeniagiza ni huyu hapa, na alinitishia mwanangu. Meneja akasema Mama amechoka, apewe likizo. Mjumbe mmoja akauliza ilipo karatasi ya ridhaa ya wanamuziki. Haikuwepo. Tangazo likaondolewa hewani ndani ya siku hizo hizo, na vile vipande vilivyokatwa vikafutwa navyo.

Mkidhani hapo haki ilitendeka, hamjakaa kazini vya kutosha. Meneja alihamishiwa mahali pakubwa zaidi. Cheo chake sikitaji, nimeshasema vyeo sivitaji. Mimi nilipelekwa stoo kupanga kanda za zamani, na huko ndiko mlikonikuta wengi wenu mkadhani ndipo nilipozaliwa. Mkataba wa Limbu haukuongezwa. Siku namweleza yote, kwamba nilikata kazi ya watu ili yeye abaki, alinikasirikia mimi kuliko alivyomkasirikia meneja. "Ungeniuliza, Mama," akasema. "Ningekwambia ukatae." Sasa anaendesha lori la pamba. Tulikaa mwezi mzima bila kuongea sawasawa.

Likizo waliyoniambia nichukue nikaichukua kweli. Nikafunga safari hadi Buseresere na kinasa sauti changu kidogo, maiki tatu na mablanketi ya nyumbani. Shule zilikuwa zimefungwa, Fides akatupa darasa lake. Nkwabi alikuja akiwa ameshasema mara mbili kwamba haji.

Miezi tisa ilikuwa imepita tangu siku zile za studio, na vidole vyake havikumsikiliza tena hata asubuhi. Siku ya kwanza alijaribu Mama Anapepeta kama zamani, mara ya tano akalivua gitaa, akaliweka juu ya dawati, akatukana kwa Kisukuma maneno ambayo sijayasikia tangu nikiwa machungani. Akatoka, akazunguka uwanja wa mpira wa shule mara tatu. Aliporudi akamwambia Fides, "Wewe beba wimbo. Mimi nitaweka sauti moja moja."

Wakapanga upya kila kitu. Besi ikasema wimbo, gitaa likaweka noti moja hapa, moja pale, na kila noti ilitetemeka kidogo mwishoni kwa sababu kidole kilichoishikilia kilitetemeka. Hamisi akajifunza kumsubiri. Malori ya barabara ya Biharamulo yalipita kila baada ya muda, tukawa tunarekodi katikati ya lori na lori. Kompyuta ingeweza kuunyoosha mtetemo ule. Nkwabi hakuniuliza kama nitaunyoosha, na mimi sikutaja.

Foleni ya Maji hatukuipata. Sehemu kubwa aliibuni palepale studio mara ile ya kwanza, na hakuna aliyeikumbuka. Imepotea, wimbo mzuri, na waliowahi kuusikia wote ni sisi wanne tu.

Ilipofika Karasha, Nkwabi akaniambia, "Wewe uliisikiliza mara ngapi ulipokuwa unaikata?"

"Labda mara arobaini."

"Mimi niliipiga mara mbili tu siku ile. Basi tuimbie ilivyokuwa."

Nikaimba. Sina sauti, lakini mwanzo niliujua wote, kila noti, na mwisho pia, Fides akawa anaandika ubaoni kwa chaki. Kisha tukafika katikati, pale gitaa lilipokuwa linakwenda kutembea. Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Katika mara zote hizo arobaini, katikati sikupasikiliza. Nilisikiliza kingo tu, palipoanza na palipoishia, nikaangalia kwenye kioo cha kompyuta ile picha ya sauti, nikaichagua, nikaifuta. Nilisimama mbele ya ubao wa darasa la tano, mwanamke wa miaka hamsini na tano, nikalia kwa hasira hadi kamasi.

Waliniacha nimalize. Nkwabi akauliza katikati palikuwa na urefu gani. Hilo nililijua, dakika mbili na sekunde kumi, kazi ya kupima niliifanya vizuri.

"Basi tuache dakika mbili na sekunde kumi," akasema. "Hamisi, wewe tuhesabie tu, polepole. Sisi wengine tunyamaze."

Ndivyo tulivyorekodi. Hamisi anagusa ukingo wa ngoma kwa kijiti, hafifu sana, mapigo manne na pengo, na juu yake hamna kitu. Kisha Fides anarudi na wimbo.

Albamu ilitoka na vipande saba. Inatembea kwenye simu na flashi, Nyarugusu wanaipiga hata mwaloni, ambako zebaki bado inauzwa kwenye chupa za soda. Nkwabi hapigi tena. Analima na wanawe, na shati hufungwa vifungo na mkewe.

Mwaka huu, kabla sijastaafu, meneja wetu wa sasa aliomba kuirusha. Nkwabi alikubali kwa sharti moja, ipigwe yote, mwanzo hadi mwisho, bila mtu kusema. Ikarushwa Jumapili alasiri. Nilikuwa nyumbani kwa Limbu, tumekaa sote, redio iko juu ya kabati. Vikapita vipande vitano. Ikaja Karasha, ikafika katikati, Hamisi akaanza kuhesabu. Haikupita nusu dakika mmoja wenu, simtaji jina na yeye anajijua, akafungua maiki: "Wapenzi wasikilizaji, tunawaomba radhi kwa hitilafu ya mitambo."

Nilipiga simu studio. Ikapokelewa.

"Shikamoo Mama, samahani, kuna tatizo la..."

"Hakuna tatizo," nikamwambia. "Funga maiki. Irudishe Karasha mwanzo."

"Mama, lakini ni kimya."

"Sikiliza vizuri."

Nikamsikia anavuta pumzi. Kisha maiki ikafungwa, na wimbo ukaanza upya.